Kitabu Nilichomnyang'anya Mtani

Kanyenye,
Tabora.

Mama yangu,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umekaa kwenye kigoda chako pale uani, goti limetulia, na ile dawa ya kuchua niliyokutumia unajipaka wewe mwenyewe, si kumpaka mbuzi. Shangazi kaniambia mikorosho imetoa maua vizuri mwaka huu. Nimefurahi. Mimi ni mzima, ila midomo imenipasuka kwa upepo, maana kiangazi cha huku hakina mzaha. Vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Nimejifunza kujifunga mtandio usoni kama wenzangu na maisha yanaendelea.

Najua ungependa nipige simu. Nimejaribu, lakini kila nikifika pale penyewe mtandao wa Maneromango unakata, nawe unabaki unaita "haloo, haloo" mpaka salio linakwisha. Na jambo hili si la kusimuliwa vipande vipande. Vaa miwani, Mama, uketi vizuri.

Unakumbuka nilipopangiwa kazi ya maktaba huku, ulisema, "Unyamwezini? Haya nenda, wale ni watani zetu, watakula vyako mpaka ukome." Nilicheka tu. Niliona ni maneno ya wazee. Sikujua kwamba nakuja kuishi ndani ya maneno hayo, na mpaka leo ninavyokuandikia bado nashangaa.

Mwaka huu tulipokea riwaya mpya za upelelezi, maboksi kwa maboksi. Mkuu wangu wa kazi, mama mmoja mpole asiyependa kelele, akaniambia, "Sikudhani, wewe mwenye mdomo, kazi ya kuwanadia wasomaji hivi vitabu ni yako." Nikaandika ubao, nikaupamba kwa chaki za rangi, nikausimamisha mlangoni: kitabu hiki kizuri, kile kinasisimua. Hakuna aliyegusa. Watu walipita na kwenda kuchukua vitabu vyao vya zamani, vile vilivyochakaa mpaka majalada yameshonwa kwa uzi.

Nilichukua muda kuelewa. Watu wa hapa hawapendi kuambiwa kwamba kitabu ni kizuri. Wanataka kuambiwa nani kafa. Basi nikafuta ubao wote, nikaandika: "Mpima tumbaku kakutwa amekufa ndani ya bani, banda la kukaushia tumbaku, na mlango umefungwa kwa nje. Muulize Sikudhani." Kabla ya adhuhuri walikuja kuniuliza. Mama anayeuza maandazi karibu na stesheni alikuwa wa kwanza. Nikamsimulia kifo, nikamsimulia mjane aliyelia kwa jicho moja, nikafika pale ambapo polisi anaokota kifungo cha shati, nikanyamaza. Akasema, "Mbona unanyamaza?" Nikamwambia, "Kilichobaki kiko humu." Akakichukua na mikono yake ina unga.

Tangu siku hiyo, Mama, ninafanya hivyohivyo. Mkulima mmoja anatoka Sikonge kwa baiskeli, anafunga kitabu nyuma na dumu la asali kwa mpira mmoja, na kikirudi kinanata. Wafanyakazi wa reli wanachukua vya kusoma kwenye zamu. Wakirudisha hawaondoki, wanakaa barazani wanabishana, na wamejiwekea sheria yao: atakayemtaja muuaji mbele ya mtu ambaye hajamaliza, anakwenda kununua kahawa ya wote. Nikiwaangalia watu wazima wanavyokamatana mashati kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuishi, najiona nina bahati ya kufanya kazi hii.

Sasa nikuletee mzee wangu. Anaitwa Mzee Maganga, fundi cherehani hapa Kanyenye. Nusu ya kanzu utakazoziona mjini siku ya Idi kashona yeye. Alasiri akishafunga mashine anakuja maktaba, anakaa kiti kilekile cha dirishani. Siku ya kwanza aliponisikia nikiongea aliuliza, "Wewe mtu wa wapi?" Nikasema kwetu Maneromango. "Mzaramo?" Nikaitika. Mzee akainuka. Aliingia nyuma ya kaunta, akachukua bakuli langu la chakula cha mchana, akaketi, akala wali wote na maharage, akaliosha bombani, akalirudisha. "Karibu Tabora, mtani," akasema. Mkuu wangu aliyaona yote akaendelea kupanga kadi, kana kwamba ni kawaida.

Nilitaka kukasirika, nikakumbuka maneno yako kwamba mtani hanuniwi. Kesho yake akavua kofia yake ya kazi nzuri ya mkono akaiweka mezani. Nikaichukua, nikaitundika kwenye msumari juu kabisa, nikamwambia aikomboe. Akanitukana matusi ya kitani, akasema Wazaramo tunauza mashamba ili tucheze ngoma. Nikamwambia babu zake walitembea miezi na pembe za ndovu kichwani, walipoiona bahari wakauliza nani kamwaga maji. Jioni aliikomboa kofia kwa chupa ya asali. Kuanzia hapo tukawa ndugu.

Lakini alikuwa na jambo lililonikera. Nampa kitabu, anasoma kurasa mbili tatu, anainuka, anatoka nje. Anarudi, anasoma kidogo, anainuka tena. Moyoni nikasema mzee huyu kitabu kinamchosha na anaona haya kuniambia. Mimi ninayejisifu kwa kuchagulia watu vitabu, Mama, iliniuma. Nikamtoa kwenye kile cha mpima tumbaku nikampa cha sumu kwenye pilau ya harusi. Akainuka. Nikampa kingine ambacho watu watatu wanakufa kabla ya sura ya pili. Akainuka. Nikamwambia, "Wewe Mnyamwezi, nikupe kipi, cha watu wote kufa?" Akacheka, akasema, "Vyote vitamu, mtani. Miguu tu inataka kunyooka."

Mwisho nikampa kile nilichokuwa nimekificha kwa ajili ya msomaji wa maana. Tajiri wa asali anapanda treni Kaliua akiwa mzima, na treni inaingia Tabora yeye akiwa amekufa ndani ya behewa, dirisha limefungwa. Wanaoshukiwa ni mkewe, karani wake, mdogo wake na mganga aliyekaa naye behewa moja. Mzee Maganga alianza kukisoma, na alipoinuka kwenda nje akaondoka nacho kwapani. Nikajua hapo nimempata.

Akakiazima akaenda nacho nyumbani. Kisha hakuja tena. Wiki ikapita, nyingine ikapita, kiti cha dirishani kikakaa watu wengine.

Siku moja akaja mkewe, Bi Nyamizi. Mwanamke mrefu, mtulivu, anaongea kama anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Alinisubiri mpaka wasomaji wakapungua. "Mtani," akaniambia, "nimekuja kwako kwa sababu nimeshindwa."

Akanieleza. Mume wake ana tezi dume. Kumbe kule kuinuka kila mara ni mkojo, Mama, haikuwa kitabu wala miguu. Sasa ulikuwa umefunga kabisa, wakampeleka hospitali ya hapa, wakamwekea mpira wa mkojo, wakamwambia aende Mwanza akapasuliwe, tena asichelewe, kwa sababu madaktari hawakuipenda tezi yenyewe walivyoiona. Amekataa. Anasema hakuna wa kumvua nguo katika umri wake, Mungu atamchukua kama alivyomuumba.

"Sheikh amekuja?" nikauliza.

"Amekuja. Amemjibu inshallah, sheikh akaondoka akidhani amekubali."

"Na Juma je?" Juma ni mtoto wao mkubwa, mtu mzima mwenye ndevu.

"Juma akifungua mdomo tu baba yake anamuuliza, 'Wewe ndiye uliyenitahiri?' Mtoto atasema nini tena? Mkwe ndiyo kabisa, haya zinamzuia. Mimi mkewe nimeongea mpaka sauti imekauka." Akanitazama. "Mtani hana haya. Nenda ukamwambie."

Nikaogopa. Nilimwambia mimi ni mtoto mdogo, na jambo lenyewe la uchi wa mzee, nitaanzia wapi. Bi Nyamizi akanijibu kitu ambacho sitakisahau. Alisema babu wa mumewe alikuwa mpagazi, na njiani kwenda pwani ndugu yake alishikwa na kuhara, msafara ukamwacha kijiji fulani cha Uzaramo. Huko hakuwa na mama wala dada. Waliomwosha alipojichafua ni watu wasiomjua, wakimtukana na kumchekesha huku wanamwosha ili asione aibu. Alipokufa wakamzika kwa mikono yao. "Na wenu walipofia huku, tulifanya vivyo hivyo," akasema. "Utani si kula chakula cha mtu, mwanangu. Ni hiyo kazi. Kula chakula ni mazoezi."

Siku zote nilijua utani ni kuchekana misibani, kumbe chini yake kuna maiti ya mtu asiye na ndugu na maji ya kumwoshea. Nikamwomba ruhusa mkuu wangu, nikajifunga mtandio, nikaenda.

Nikamkuta uani amekaa kwenye kiti, amejifunika shuka miguuni, kitabu mkononi. Juma alikuwa kwenye cherehani anajifanya anashona. Sikupiga hodi, sikutoa shikamoo.

"Mpagazi, umelala? Mzigo nani anabeba?"

Akainua macho. Alikuwa amekonda. "Ah, Mzaramo. Ngoma imekwisha kwenu?"

"Imekwisha, nimekuja msibani. Nimesikia kuna mtu anakufa kwa kuona haya kuvua suruali mbele ya daktari. Nimewahi ili nipate mahali pazuri pa kukaa."

Juma akainamisha kichwa mpaka sikio likagusa mashine. Bi Nyamizi akageukia ukuta. Mzee akanikazia macho, na kwa kweli, Mama, nilidhani atanifukuza.

"Nani kakwambia?"

"Huna siri wewe. Ulikuwa unatoka nje kila ukurasa, mimi nikadhani unamkimbia muuaji."

Hapo akacheka. Kicheko kikamwuma, akashika tumbo, lakini akaendelea kucheka, na machozi yakamtoka. Wakati anayafuta nikakinyakua kitabu mapajani. Alikuwa amebakiza sura mbili.

"Lete hicho," akasema. "Wamemkamata karani, na siye."

"Kikomboe."

"Nitakupa jogoo."

"Sitaki jogoo, sitaki asali, sitaki kofia. Nenda Mwanza wakakupasue, ukirudi unakipata."

"Na nikifa hukohuko?"

"Ukifa nitakuja kukutajia muuaji kwa sauti mbele ya watu wote waliokuja kukuzika. Na nitakutajia wa uongo."

Cherehani ya Juma ikasimama. Mzee alitazama kile kitabu mkononi mwangu, akatazama mikono yake. Nilitamani kumwambia nimetania tu, nimrudishie, nimpe na shikamoo juu. Nikazidi kukikumbatia kitabu.

"Mzaramo una roho mbaya," akasema mwishowe.

"Nimezaliwa nayo."

Akamgeukia mwanawe. "Juma, basi la Mwanza linaondoka asubuhi saa ngapi?"

Mama, nilitoka pale. Nikasimama njiani nimeshika ile riwaya kifuani nikalia, na watu wananipita na baiskeli zao. Nililia kwa hofu, lakini zaidi kwa mshangao. Daktari kashindwa, sheikh kashindwa, mtoto wa kumzaa kashindwa. Kilichomwinua mzee yule kwenye kiti ni maneno yaliyopandwa na watu waliokuwa na mizigo kichwani, watu ambao majina yao hakuna anayeyajua, kati ya Bagamoyo na hapa. Mimi nilikuja huku kwa gari moshi na begi langu, nikidhani sijabeba kitu chao.

Wakaenda Mwanza kupitia Nzega, yeye na Juma. Tukakaa tukisubiri. Barazani wasomaji wakawa wananiuliza habari zake kabla ya kuuliza habari za vitabu vipya. Nilikiweka kile kitabu kwenye saraka yangu. Mwalimu mmoja mstaafu ambaye alikuwa anakisubiri kwa hamu alikuja, nikamwonyesha, nikamweleza kwa nini sikitoi. Nilitegemea atanigombeza, maana ni mtu wa sheria. Akakipapasa jalada, akasema, "Hicho kina mwenyewe," akaazima kingine. Wote walifanya hivyo, Mama. Hakuna aliyeninung'unikia.

Ikapita mwezi na kidogo. Jumanne moja nasikia jogoo anawika ndani ya maktaba. Nikainua uso nikamwona Mzee Maganga mlangoni, kanzu inampwaya, Bi Nyamizi kamshika mkono mmoja, na mkono wa pili ana jogoo aliyefungwa miguu. Nikamwambia nilikataa jogoo. Akasema, "Hili ni tusi, si malipo. Ni mrembo kuliko kaka zako." Wasomaji wote wakaacha vitabu. Hata mkuu wangu asiyependa kelele alimpokea yule jogoo akamweka chini ya meza yake.

Nikampa kitabu chake. Akaenda kwenye kiti cha dirishani, na kijana aliyekuwa amekikalia akampisha bila kuambiwa. Akasoma. Nami nikawa najifanya ninapanga kadi huku namtazama. Akamaliza ukurasa, akafunua mwingine, akafunua mwingine. Hakuinuka. Sura nzima, Mama, hakuinuka hata kidogo. Bi Nyamizi aliyekaa kando yake alikuwa anahesabu tasbihi, na nikaona naye analiona jambo hilohilo. Tukatazamana, tukatabasamu.

Alipofika mwanzo wa sura ya mwisho akasimama. Akatoa uzi mweupe mfukoni, akauweka katikati ya kurasa, akakifunga. Akaja kaunta, akajiegemeza.

"Mtani," akasema kwa sauti ya chini, "kile walichokikata walikwenda kukipima. Ni saratani. Wanataka nirudi wakanitie dawa na mionzi, nikae huko muda mrefu. Watoto wanadhani nitakwenda. Nyamizi anadhani nitakwenda. Mimi mwenyewe usiku nikilala naona siendi."

Nilitafuta tusi hata moja la kitani, sikulipata.

Akakisogeza kitabu kidogo juu ya meza, mkono wake bado umekishika. "Nimebakiza kurasa chache sana. Nikizisoma leo sitakuwa na cha kunirudisha."

Nikaendelea kumtazama kama mjinga.

"Mtani gani wewe," akasema, "unasubiri kuombwa?"

Nikakinyakua. Nikakivuta kwa nguvu mpaka akayumba, nikakitia saraka, nikaifunga kwa ufunguo, nikamwambia, "Kikomboe, mpagazi." Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake vizuri, akamshika mkewe mkono wakatoka.

Anaondoka juma lijalo. Naomba umwambie mjomba anayesomesha chuoni wamwombee dua wote pale msikitini, wamtaje Ramadhani Maganga, mtani wetu. Wamtaje kwa jina, wasiseme tu "mgonjwa fulani." Msalimie baba mdogo na umwambie pilipili alizonipa nimezipanda kwenye kopo na zimeota. Msalimie shangazi, na bibi wa nyumba ya pili asiyesikia vizuri, mwambie kwa sauti. Mshike mkono mdogo wangu Tatu na mwanawe. Ndoo ya asali ataileta dereva anayekuja na barua hii, nusu yake ni ya goti lako, unywe na tangawizi.

Najua ukifika hapa utauliza mbona sijasema habari ya likizo. Likizo yangu imeangukia wakati ambao wamesema huenda akarudi. Nimeiahirisha, Mama, usinikasirikie. Nimeshika kitu cha mtu, na siku akija kukikomboa lazima anikute.

Ni mimi mwanao ninayekukumbuka kila nikisikia harufu ya nazi,

Sikudhani